Sivishwi na Mkono Ule

Kila yanapokaribia mashindano ya dunia, televisheni hurudia kile kipindi chao cha mbio na michezo isiyosahaulika. Humo utamwona mrusha mkuki ambaye mkuki wake ulipaa mpaka waamuzi wakatimua mbio kuokoa roho zao. Utamwona bingwa aliyemaliza mbio ndefu akitambaa kwa magoti. Halafu, mara nyingi kabla tu ya matangazo ya biashara, utamwona dada yangu.

Ni fainali ya wanawake ya kuruka viunzi na maji. Dada yuko wa tatu. Anakanyaga kiunzi, anaruka dimbwi, anatoka majini na kiatu kimoja. Hageuki. Anaendelea hivyo hivyo, mguu mmoja umevaa na mwingine uko wazi, anaruka kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na kila akitua unaona uso wake unavyokunjamana. Anamaliza wa nne, bega kwa bega na wa tatu. Watangazaji hucheka kidogo hapo. "Kiatu Kimoja huyo! Sijui kingine alimwachia nani!"

Mimi ni mdogo wake, na kazi yangu ni ususi. Saluni yangu ina televisheni ukutani kwa ajili ya wateja, na kipindi hicho kikianza nabadilisha chaneli. Wateja wananung'unika. Wanung'unike. Wao hawakuwepo dada aliporudi nyumbani unyayo umechanika, akienda msalani kwa kushika ukuta. Wala hawakumwona alipofika kambi ya timu ya taifa akakuta godoro lake limeviringishwa na kuegemezwa mlangoni. Katibu wa chama cha riadha alikuwa amesimama kando ya godoro, mikono mfukoni. "Nafasi ya nne haina kitanda," alimwambia. Basi, yakaisha hayo.

Mwanamke aliyekuwa wa nne duniani akaenda kufua mashuka. Mpaka leo yuko kwenye udobi mkubwa unaofulia hoteli na hospitali, upande wa pasi. Si pasi hii ya nyumbani. Ni mapipa mawili ya moto yanayozunguka: mmoja anaingiza shuka upande huu, mwenzake analipokea upande wa pili, na ukizubaa litakumeza na vidole. Mvuke kutwa nzima. Jioni nywele zake zinanukia sabuni ya unga, nami nikimsuka husinzia kabla sijafika kisogoni.

Simu ilimkuta hapo penye pasi. Ilikuwa imegundulika kwamba yule aliyeshinda mbio zile alitumia dawa. Mkojo wake ulikuwa umehifadhiwa miaka yote hiyo, wakaupima upya kwa vipimo vya kisasa, ukasema wenyewe. Akafutwa. Wa pili akawa wa kwanza, wa tatu akawa wa pili, na dada yangu akawa wa tatu wa dunia akiwa ameshika shuka la watu.

Alikuja saluni moja kwa moja, bado amevaa aproni.

"Nimekuwa wa tatu," akasema.

"Wa tatu wa nini?"

"Wa dunia."

Nilimwacha mteja na kichwa nusu mistari ya mahindi nusu msitu, nikapiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Lakini dada hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele akajifuta uso kwa aproni.

"Wamesema nikachukue ofisini kwao."

"Kuchukua kama mzigo?"

"Kama mzigo."

Tulikwenda pamoja. Nilifunga saluni, nikavaa gauni langu la harusi za watu, maana nilidhani kutakuwa na watu wawili watatu, labda maua. Tulikalishwa kwenye korido, kwenye benchi lililokatika mguu na kuegemezwa kwa tofali. Watu walipita na vikombe vya chai. Hakuna aliyetuuliza lolote. Mbele yetu kulikuwa na kabati la kioo limejaa vikombe na picha, na katika kila picha, kama hukumwona mwanariadha vizuri, ni kwa sababu Katibu amesimama mbele yake.

Tulipoitwa ndani, Katibu alikuwa anaongea na simu. Alitunyooshea kidole tukae. Amenenepa siku hizi, na ndevu amezipaka rangi nyeusi ti. Alipomaliza akafungua droo ya meza, akasukuma pembeni chaja, chupa ya gundi na pakiti ya biskuti, akatoa bahasha ya kaki. Akaikung'uta. Medali ikaanguka mezani ikabiringika, akaizuia kwa kiganja kama mtu anayezuia sahani isivunjike.

"Hongera, mama," akasema. "Mungu hamtupi mja wake. Njoo huku tupige picha, nikuvishe. Wewe mdogo mtu unajua kutumia kamera ya simu?"

Nilikuwa nimeshainuka. Dada hakuinuka.

"Sitaichukua hapa," akasema.

Katibu akacheka. "Utaichukulia wapi basi, Ikulu?"

"Wale wengine walivishwa uwanjani. Walipanda jukwaani, bendera zao zikapandishwa, watu wakawaona. Wimbo siuombi, wimbo ni wa aliyeshinda. Mimi nataka jukwaa na bendera."

"Kwa mbio za zamani hizo? Dada yangu, watu walishasahau!"

"Hawajasahau. Wananicheka kila mwaka kwenye televisheni."

Katibu aliegemea kiti, akamtazama kama fundi anavyotazama redio isiyotengenezeka. "Unajua," akasema taratibu, "shukrani ni utu. Kuna watu hawakupata hata bahasha." Kisha akajitia upole, akachukua utepe wa medali kwa mikono miwili, akazunguka meza akimjia dada. Dada akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Sijawahi kumwona hivyo.

"Usiniguse," akasema. "Sivishwi na mkono huo."

Tukatoka. Nilimkimbilia huku viatu vyangu vya harusi vinanikata. Mimi sikuelewa kitu. Kukataa korido nimeelewa. Kukataa droo nimeelewa. Lakini mkono? Tulipofika kwenye kituo cha mabasi akakaa juu ya ukuta mfupi, na ndipo aliponieleza jambo ambalo alikuwa amelimeza kama wembe kwa miaka yote.

Kabla ya mashindano yale, Katibu aliwaletea mtu kambini. Walimwita daktari, ila hakuna aliyewahi kumwona akimtibu mtu. Alikuja na vichupa vidogo visivyo na maandishi. Vitamini, wakaambiwa. Dada akauliza vitamini gani isiyo na jina. Yule daktari akamtazama Katibu, Katibu akamtoa dada nje. "Wenzako duniani wanatumia akili," akamwambia. "Wewe unatumia mapafu tu. Kunywa, au usinilaumu." Dada hakunywa. Aliyelala naye chumba kimoja, msichana mrefu waliyemwita Twiga, alikunywa, kwa sababu kwao walikuwa wanamtegemea yeye. Dada akaenda kukimbia na mapafu yake, akakanyagwa kisigino pale penye maji, na aliyemkanyaga ndiye huyu aliyefutwa sasa.

"Kwa hiyo godoro," nikasema.

"Nafasi ya nne ilikuwa kisingizio. Moyoni mwake godoro lilishaviringishwa siku niliyokataa kunywa."

"Na hukusema!"

"Ningesema kwa nani? Mashtaka yote ya wanariadha yalikuwa yanapelekwa kwa Katibu."

Nilitaka kurudi kule ofisini nimpake yule mzee dawa ya kunyoosha nywele kwenye zile ndevu zake. Dada alinishika mkono mpaka basi likaja.

Mama ndiye aliyetuvunja moyo. Mama yetu ni mtu wa amani, amani ambayo siku nyingine inaudhi. Alisikiliza yote huku anachambua mboga, akasema, "Mwanangu, chukua chako ukae kimya. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha, mama," dada akamjibu. "Nimempisha mpaka nimefika ukutani."

Siku chache baadaye, nikiwa namwosha mteja, nikasikia sauti ya Katibu kwenye redio ya fundi viatu. Mtangazaji alikuwa anamuuliza habari za Kiatu Kimoja. Katibu akajibu kwa sauti ya kutoa mawaidha. Hii, alisema, ni medali ya mchezo safi. Chama chake kimepigana na dawa tangu zamani, kimewalea vijana katika uadilifu, na dada yangu ni tunda la malezi hayo. Alidai ameshamwomba radhi kwa mapungufu madogo ya itifaki. Atavishwa uwanjani, siku ya mashindano ya taifa, mbele ya mgeni rasmi, na yeye Katibu mwenyewe ndiye atakayepewa heshima ya kumvisha, kama baba.

Kama baba! Maji yalimwingia mteja masikioni, nikamwomba msamaha, naye akaniuliza nalia nini. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimejaa. Mtu anakufukuza kwa sababu umekataa sumu yake, halafu anakuvika kilemba cha ukoka kwa kuikataa! Nilifunga duka nikaenda udobini, nikamkuta dada getini.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Amenipigia mwenyewe. Nimemwambia sawa."

"Sawa? Si ulisema huvishwi na mkono ule?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa unisuke vizuri," akasema, "maana kutakuwa na kamera."

Nikakasirika naye pia. Nilimsuka, lakini nilimvuta makusudi, na hakulalamika. Nilidhani amechoka. Nilidhani mvuke wa udobi umemlainisha kama unavyolainisha mashuka. Mama alifurahi, akatoa kitambaa chake kizuri sandukuni akakianika.

Siku ya mashindano uwanja ulikuwa umejaa kiasi, shule nyingi zimeletwa kushangilia. Mimi na mama tulikaa karibu na dimbwi la maji, na hapo ndipo nilipomwona mwamuzi mmoja mwanamke, mrefu kupita wote, amesimama ukingoni na bendera nyeupe ya kuonyesha rukio halali. Sikuhitaji kuambiwa. Twiga. Alikuwa hatazami wanariadha, anatazama jukwaa la zawadi lililowekwa katikati ya uwanja.

Wakasimamisha mashindano. Mtangazaji wa uwanja, kijana mwenye suti ya kung'aa, akaanza kupaza sauti: "Na sasa, mabibi na mabwana, yule aliyevua kiatu chake akakimbia na kimoja!" Watoto wakacheka. Dada akatokea, amevaa suti ya michezo ya kuazima, akapanda kile kidaraja cha chini kabisa cha jukwaa, cha wa tatu. Vidaraja viwili vya juu vilikuwa vitupu. Watoto wakanyamaza walipoona hivyo, sijui kwa nini. Ilikuwa kama kumwona mtu amekaa peke yake kwenye meza ya watu wengi.

Katibu akaja na mto mwekundu mbele yake, medali iko juu. Mgeni rasmi akapiga makofi. Katibu akampa msichana ule mto amshikie, akachukua utepe, akaupanua, akainua mikono yake miwili usawa wa kichwa cha dada.

Dada akarudisha kichwa nyuma. Kisha, bila haraka, akaingiza vidole chini ya utepe, akauchukua kutoka mikononi mwake kama unavyompokonya mtoto kisu, akajivisha mwenyewe.

Mikono ya Katibu ilibaki juu, imepanuka, haina kitu. Alitabasamu. Alidhani ni utani.

"Naomba hicho kipaza sauti," dada akamwambia yule kijana wa suti. Kijana akampa. Watu wengi wamenisifia ujasiri wa dada, lakini mimi siku zote nawakumbusha kijana yule. Katibu alimtazama kwa macho makali, na kijana angeweza kukinyang'anya. Hakukinyang'anya.

"Sikuvua kiatu," dada akasema. "Nilikanyagwa. Mwaka huu wamesema aliyenikanyaga alikuwa anatumia dawa. Sawa. Sasa niseme habari za kwetu. Mimi pia nililetewa dawa. Kambini, kwenye chumba chetu. Nikakataa, nikafukuzwa. Aliyezileta ni huyu hapa, aliyetaka kunivisha kama baba."

Uwanja mzima ukafanya kishindo kimoja, kama watu wote wamevuta pumzi. Katibu akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. "Huyu mama amechanganyikiwa," akasema kwa nguvu, "ana uchungu wa maisha, tumsamehe." Akamgeukia mgeni rasmi akicheka, meno yote nje. "Una shahidi?" akamuuliza dada. "Eh? Umemleta nani?"

Dada alikibana kipaza sauti kifuani. Alikwenda pale bila shahidi, bila karatasi, na mapafu yake tu, kama siku ile.

Ndipo bendera nyeupe ikaanguka majini. Twiga alikuwa ameiachia. Alikuja akikatiza uwanja kwa hatua zake ndefu, mwamuzi mkuu anampigia filimbi nyuma, hajali. Alipofika hakusubiri kupewa kipaza sauti. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, na waliokuwa karibu wakawaambia waliokuwa mbali.

"Mimi nilikunywa," akasema. "Alinipa kwa mkono wake, akanishikia glasi ya maji. Sauti yangu ikawa hii nzito mnayoisikia. Mtoto sijapata, na madaktari hawajui kama ni dawa au ni Mungu. Mimi najua ninavyolala na swali hilo." Akamgeukia Katibu. "Shahidi ni mimi. Sasa mwambie na mimi nimechanganyikiwa."

Mama yangu, yule mtu wa amani, alisimama juu ya kiti akapiga kelele neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Nilimshika gauni asianguke. Wale wanariadha vijana waliokuwa wanapasha mwili moto wakaja mmoja mmoja wakasimama nyuma ya lile jukwaa. Niliona wawili watatu wanatazamana, na binti mmoja mwembamba akaanza kulia kwa kujificha uso na fulana, na hapo nikaelewa kwamba mambo ya vichupa si ya zamani.

Bendera haikupandishwa. Aliyekuwa na kamba aliiachia akaja kusikiliza.

Sasa mtaniambia haki imetendeka. Wateja wangu wananiambia hivyo kila siku. Haki gani? Katibu "amepumzika kwa sababu za kiafya," ndivyo walivyoandika magazetini, na picha waliyoiweka ni ya zamani, anacheka, amebeba kikombe cha mtu. Yule daktari hajulikani aliko. Wapo wanaosema dada yangu amelichafua jina la nchi. Jina la nchi! Aliyelifua ndiye aliyelichafua? Udobini msimamizi alimwita akamwambia asilete siasa kazini, ingawa wenzake walimshikia zamu yake siku mbili bila kuulizwa. Na kipindi kile cha televisheni bado kinarushwa. Wamebadilisha maneno tu, siku hizi wanasema "shujaa wetu wa shaba," kwa sauti ile ile ya kuuzia sabuni. Medali imerudi. Miaka haijarudi, wala mbio ambazo angekimbia, wala miguu aliyokuwa nayo. Nani atampa hizo? Zipo kwenye droo ya nani?

Lakini tume ya uchunguzi imeundwa, kwa sababu yule binti mwembamba alikwenda kusema, na baada yake wakaenda wengine. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya dada. Twiga alitusubiri nje, amevaa miwani ya jua, akamkumbatia dada. Tukaingia. Meza ndefu, wajumbe nyuma yake, na mwenyekiti mpole mwenye tai, aliyeinuka akatabasamu na kusema wanamkaribisha shujaa, asiwe na wasiwasi, hapa ni nyumbani, watu wamletee kwanza chai na maandazi.

Dada alivuta kiti mwenyewe akakaa.

"Chai baadaye," akasema. "Andikeni kwanza."